Jiwe la Bismarck, kisiwa cha Saanane

Wikiendi iliyopita nilikimbia kelele za chumba cha habari, nikapanda basi hapa nyumbani Tabora, nikapita Nzega na Shinyanga hadi Mwanza. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kutazama mawe. Rafiki zangu walinicheka sana. "Yaani unalipa nauli kwenda kuangalia mawe?"

Ndiyo, tena ningerudi kesho. Mawe ya Mwanza yalianza kama uji wa moto chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Yalipopoa yakapata nyufa, maji yakapenya na kula kingo zake taratibu, kisha mvua ikasomba udongo. Kilichobaki ni haya mabonge ya mviringo yaliyobebana kama mtu kayapanga kwa mkono. Hata sisi wa Tabora tumekalia mwamba wa ukoo huohuo, ila wa kwetu umejificha zaidi.

Nilianzia Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Ni dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yanayoizunguka. Pimbi wanaota jua juu ya miamba wala hawana habari na wewe. Kisiwa kilikuwa cha Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Mwaka 1964 serikali ilikifanya bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mzee kisiwa kilimtoka, lakini jina lake likabaki.

Jioni nikasimama ufukweni kutazama jiwe maarufu kuliko yote, lile lililosimama majini ambalo liko kwenye kila kadi ya Mwanza. Linaitwa Bismarck. Huyu ni Kansela wa Ujerumani aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, wakubwa wa Ulaya wakakubaliana namna ya kuigawana Afrika. Mwanza hakuwahi kukanyaga. Nikamuuliza kijana mwenye mtumbwi, zamani wenyeji walikuwa wanaliitaje? Akacheka. "Bismarck tu, kaka. Nimezaliwa nimelikuta."

Jamani, hapo ndipo niliponyong'onyea.

Maana njia niliyopita kwa basi aliipita John Speke mwaka 1858. Alitoka Kazeh, yaani hapa Tabora, akatembea kama wiki tatu na nusu kufika ziwani. Wenyeji walimwambia hili ni Nyanza. Yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Katika msafara ule alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, na walikuwemo wapagazi waliobeba mizigo mabegani. Je, umewahi kuona jiwe lenye jina la mpagazi?

Hata hapa Kwihara ni yaleyale. Tunaita tembe la Livingstone, wakati yeye alikuwa mgeni aliyekaa pale mwaka 1872 akisubiri watu na mizigo. Njia nzima ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, ilitembea kwa miguu ya Wanyamwezi na wenzao, lakini tunaikumbuka kwa majina ya wapita njia.

Sisemi tumfute Bismarck. Ukifuta jina, mjukuu wako hatajua kwamba kuna siku nchi hii iligawanywa kwenye meza ya watu wengine. Ninachotaka ni bango pale ufukweni, kwa Kiswahili, linaloeleza jiwe lilivyotokea, Bismarck alikuwa nani, na Wasukuma walisema nini juu ya jiwe hilo kabla yake. Kwihara nako liwepo bango la wapagazi. Gharama yake haifiki hata posho ya semina moja.

Lakini bango halitajiandika lenyewe. Wazee wanaojua masimulizi wanaondoka, na sisi tuliosoma tuko bize kupiga picha na jiwe na kurudi mjini. Ukienda Mwanza, kapige picha, sikatai. Ila kabla hujaondoka mtafute mzee mmoja, mwamkie vizuri, muulize, uandike atakachosema. Mimi nimeshaanza na bibi yangu. Maswali matatu tu, na daftari limejaa kurasa sita.