Hata Mgaagaa na Upwa Hungoja Maji Yapwe

Ndugu zangu vijana, leo nimekuja na ugomvi. Nagombana na ule usemi unaoimbwa vijiweni na kurudiwa kila asubuhi kwenye simu zetu: eti maskini halali. Eti aliyelala saa nne za usiku ni goigoi, na aliyekesha ndiye mwanamume. Nasema huo ni uongo, tena uongo unaotumaliza.

Nina sababu ya kuwa na hasira. Mshikaji wangu mmoja, mwandishi kama sisi, alikuwa akichapa kazi za watu kwenye kibanda cha steshenari mchana kutwa, na usiku akiandika riwaya yake. Alilala saa nne tu, na alijivunia hizo saa nne. Mwaka wa pili akaanza kusahau majina ya wahusika wake mwenyewe. Siku moja akaanguka mlangoni pa kibanda, tukambeba. Hospitali hawakumkuta na malaria wala taifodi. Walimkuta amechoka, basi. Riwaya imesimama kwenye sura ya saba, hajaigusa tena. Na nani waliokuwa wakimpigia makofi? Ni sisi hawahawa washikaji: "Kaza buti, mwanangu!" Hilo ndilo linaloniuma.

Najua mtanitolea methali: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sawa. Lakini ni wangapi kati yenu mliowahi kugaagaa huko upwani? Mama anayesaka pwezi Unguja au Pemba haendi saa yoyote aipendayo. Anangoja bamvua, zile siku chache za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapotoka mbali na miamba ikabaki wazi. Maji yakirudi, naye anarudi. Yakiwa maji mafu, anatengeneza zana zake, anashughulikia mengine, anapumzisha mgongo. Walioitunga methali ile walilijua hilo. Sisi wa mjini tumemchukua mgaagaa, tukausahau upwa.

Tazameni na vyombo vya baharini. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi. Kusi ilipochachamaa, Juni na Julai, bahari haikuwa ya kuchezea. Ndio wakati wa chombo kupandishwa pwani, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni. Hakuna aliyemwita nahodha mvivu kwa kungoja upepo. Hata mwaka wenyewe watu wa pwani waliuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi wanaisherehekea hadi leo kila Julai. Kwa hesabu hiyo walijua lini kupanda na lini kusafiri. Kalenda ile ilikuwa na nafasi ya kungoja. Hii ya kwetu ina nafasi ya kuchelewa tu.

Haya, twende bara. Mbuyu wa Dodoma hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mgeni akiuona atadhani umekufa. Wapi! Umekataa kupoteza maji kwa njia ya majani wakati ardhi haina ya kuurudishia. Akiba imo ndani ya shina. Mvua zikikaribia, unachipua. Na mti huo unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja. Sasa wewe unayetaka uwe na majani mabichi kuanzia Januari hadi Desemba, shina lako lina unene gani?

Hapo namsikia mmoja akiguna: "Bwana we, mbuyu haulipi kodi ya chumba." Kweli kabisa. Ndiyo maana sipatani pia na wale wanaohubiri mapumziko kana kwamba ni jambo la mtu binafsi: zima simu, vuta pumzi, nenda ufukweni. Muuza karanga akipumzika peke yake Jumamosi, jirani yake atachukua wateja wote, na Jumatatu mtoto atakosa daftari. Huyo hukumwonea huruma, umemkejeli.

Lakini wavuvi wamekwisha kulijibu swali hili. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, pwezi wasiguswe. Pwezi hukua upesi mno. Walipofungua, walivuna wakubwa. Vijiji vya Unguja na Pemba navyo vimefuata njia hiyo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka. Miezi mitatu si mchezo kwa mtu anayeishi kwa dagaa na migebuka.

Tujifunze mawili hapo. La kwanza, wale wa Andavadoaka hawakufunga bahari yote. Walifunga sehemu, kwingine wakaendelea kula. La pili, walifunga kwa pamoja. Mvuvi mmoja akijizuia huku wenzake wanaingia usiku, hajapumzisha kitu; ameibiwa.

Basi mapumziko ni mapatano. Na mengine tayari yameandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi apate likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Wangapi tunaijua? Wangapi tunaijua lakini tunaona haya kuidai, tusije tukaonekana wavivu? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 peke yake. Hao wote walikuwa wamekaza buti.

Na sisi tusio na mwajiri? Tupatane wenyewe. Kijiwe cha bodaboda kinaweza kuweka zamu, kila mmoja awe na siku yake ya kulala na asiwepo wa kumpora abiria wake. Wauza mitumba wa mstari mmoja wanaweza kufunga siku moja. Ni vigumu, sikatai. Hata kufunga mwamba ni vigumu, na watu wenye njaa kama yetu wameweza.

Sisi waandishi tuanzie hapa hapa, kwenye kurasa hizi. Tuache kusifiana kwa kukesha. Mtu akileta hadithi asiulizwe kaiandika kwa usiku mingapi. Aulizwe kama inasomeka. Akinyamaza msimu mzima, tusimtangaze kwamba kaisha.

Mshikaji wangu siku hizi analala. Bado anachapa kazi za watu, ila jua likizama anafunga kibanda. Juzi aliniambia amelikumbuka jina la mhusika wake mmoja. Sikumuuliza sura ya nane itakuja lini. Nanyi mkikutana naye, msimuulize.