Jiko la Makaa si Hita

Wasee, kila Julai baridi ikishika Limuru na Nairobi, kuna mtu analala na jiko ndani ya keja na haamki. Halafu mnasema, "Ujinga tu." Ujinga gani?

Februari 2021 baridi kali ilipiga Texas, jimbo linalotoa mafuta mengi kuliko yote Marekani. Stima ikapotea kwa mamilioni. Watu wenye magari na digrii waliwasha makaa ndani ya nyumba, wengine wakawasha gari ndani ya gareji wapate joto. Wako waliokufa kwa gesi ile ile inayoua huku: kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Baridi haiulizi umesoma wapi.

Kwa hivyo wacheni kuwacheka waliokufa, ambieni walio hai. Jiko libaki nje, hata kama makaa ni mekundu na hakuna moshi. Vaa soksi, lala na chupa ya maji moto. Kichwa kikianza kuuma na jiko liko ndani, toka nje saa hiyo hiyo.

Na wewe mwenye ploti, unajenga vyumba vya mabati bila dari, halafu kodi unaitaka tarehe tano. Ujinga unauona kwa nani?