Miaka 150 ya Cavendish na plastiki inayotoa mwanga

Mwaka 2024 Maabara ya Cavendish ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilitimiza miaka 150 tangu ifunguliwe. Kila aliyesoma fizikia sekondari amekula matunda yake, hata kama mwalimu hakuitaja kwa jina: J. J. Thomson aligundua elektroni hapo mwaka 1897, na James Chadwick akagundua nyutroni mwaka 1932. Sifa hizo zilisomwa katika sherehe, na ni haki yake. Sisi tunaipa mkono wa heri kwa kazi changa zaidi, ambayo tunaiona haijasifiwa vya kutosha: kuifanya plastiki iwake.

Plastiki ya ndoo, au ile inayofunika waya za umeme nyumbani, haipitishi umeme kwa sababu elektroni zake zimeshikwa barabara na atomu zake. Lakini zipo polima ambazo kwenye uti wake wa kaboni bondi moja hufuatwa na bondi mbili, kisha moja tena, kisha mbili, mnyororo mzima. Humo baadhi ya elektroni hazikai kati ya atomu mbili tu, bali hutandaa juu ya atomu nyingi. Zikitandaa hivyo, nishati inayohitajika kuzipandisha ngazi hupungua hadi ikalingana na nishati ya mwanga tunaouona kwa macho. Ndiyo maana polima hizo zina rangi, na ndiyo maana huhesabiwa kuwa nusu-vipitishi, kundi moja na silikoni.

Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha mwaka 1977 kwamba poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri sana, na mwaka 2000 wakatunukiwa Nobel ya Kemia. Kundi la Richard Friend pale Cavendish lilishika njia nyingine. Halikutaka polima iigize chuma. Lilitaka kujua polima safi, isiyotiwa kitu, inafanya nini ikiwa nusu-kipitishi.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1989. Jeremy Burroughes, mtafiti kijana wa kundi hilo, alikuwa akiipima polima iitwayo PPV, na alipoitia volti za kutosha ikatoa mwanga wa kijani kuelekea njano. Inafaa kueleza jinsi kifaa hicho kilivyotengenezwa, kwa sababu ustadi wote ulikuwa hapo. PPV haiyeyuki, kwa hiyo haipakiki. Wanakemia waliokuwa na Andrew Holmes walitayarisha kitangulizi chake kinachoyeyuka. Kitangulizi hicho humiminwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, kikatandaa sawasawa, kisha hupashwa moto ndani ya ombwe mpaka kigeuke kuwa PPV yenyewe, tabaka lenye unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna oksidi ya indiamu, inayopitisha umeme na kuruhusu mwanga upite. Juu yake alumini. Upande mmoja huingiza elektroni, upande wa pili huziondoa na kuacha matundu. Elektroni na tundu vikikutana katika mnyororo mmoja hushikamana kuwa eksitoni, na eksitoni hiyo ikishuka ngazi hutoa fotoni moja.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature, Oktoba 1990, yakiwa na majina manane ya wanafizikia na wanakemia. Ufanisi ulioripotiwa ulikuwa hadi asilimia 0.05. Maana yake, katika kila elektroni 10,000 zilizopita, fotoni zilizotoka zilikuwa 5.

Tunaiomba hadhira yetu, hasa wanaogawa fedha za utafiti katika vyuo vyetu, waisome tena tarakimu hiyo. Mradi wa namna hiyo ungefika mezani kwa kamati nyingi tunazozijua, ungerudishwa siku hiyohiyo. Cavendish iliushikilia, na haikuwa kwa bahati. Nevill Mott, aliyekuwa profesa wake mkuu, alishiriki Nobel ya mwaka 1977 kwa nadharia ya elektroni katika vitu visivyo na mpangilio. Sam Edwards, aliyekishika kiti hichohicho kuanzia 1984, alikuwa bingwa wa nadharia ya polima, minyororo iliyojiviringa kama tambi sahanini. Kwa hiyo mtu alipoleta kitu chenye fujo badala ya fuwele safi, nyumba ile ilikuwa na lugha ya kukizungumzia. Taasisi hujengwa hivyo, kizazi kimoja kikiandaa masikio ya kizazi kijacho.

Baada ya hapo kazi ilipamba moto. Ilidhihirika kwamba rangi inaweza kupangwa kwenye chupa ya mkemia: ukiongeza matawi pembeni mwa mnyororo wa PPV unapata rangi ya chungwa, ukitumia jamii ya polifluorini unapata bluu. Polima hizi pia hutoa mwanga wenye urefu wa mawimbi mkubwa kuliko ule zinaoumeza, kwa sababu eksitoni hupoteza nishati kidogo na kuhamia sehemu za mnyororo zenye pengo dogo kabla ya kuwaka. Tofauti hiyo ni neema kwa mtengenezaji wa vifaa, maana polima haiumezi mwanga wake yenyewe wote. Kuna hasara pia: sehemu kubwa ya mwanga hunaswa ndani ya matabaka na kioo, isitoke nje. Mwaka 1996 kundi hilohilo lilionyesha leza ya PPV ndani ya kitundu cha vioo. Mwaka mmoja kabla, lilichanganya polima mbili na kuugeuza mchakato mzima, mwanga ukaingia na umeme ukatoka. Eksitoni husafiri nanomita 10 hivi tu kabla ya kufa, ndiyo sababu polima hizo mbili zilipaswa kuingiliana kwa karibu namna ile.

Upande wa biashara, kampuni ya Cambridge Display Technology ilianzishwa mwaka 1992. Haki inatutaka tuseme kwamba skrini nyingi za simu za leo hazitumii polima, bali molekuli ndogo za kaboni, njia iliyofunguliwa na Ching Tang na Steven VanSlyke wa Kodak mwaka 1987. Hilo halipunguzi heshima ya Cavendish. Elimu ya eksitoni iliyochimbwa huko inatumika katika njia zote mbili.

Na kuna tawi moja lililofika kwetu. Mwaka 2010 Friend na wenzake walianzisha Eight19, jina lililotokana na dakika 8 na sekunde 19 ambazo mwanga wa jua hutumia kuifikia dunia. Nia ilikuwa kuchapa seli za jua za plastiki. Plastiki ikawa bado haijaiva, lakini mwaka 2011 kampuni hiyo ilileta Kenya mfumo wa IndiGo wenye paneli za kawaida za silikoni: mteja alinunua kadi ya kukwangua, akatuma namba kwa ujumbe wa simu, akarudishiwa nyingine ya kubonyeza kwenye kisanduku, taa zikawaka na simu ikachajiwa. Mwaka 2012 kazi hiyo ikapewa kampuni yake, Azuri. Tunawaheshimu kwa hilo: hawakuwaacha watu na koroboi wakisubiri nadharia ikamilike.

Nadharia nayo haikulala. Elektroni na tundu vinapokutana, mizunguko yake (spini) huzaa eksitoni za aina mbili, na kwa hesabu ya uwezekano tatu kati ya nne ni za aina ambayo kwa kawaida haitoi mwanga. Mwaka 2018 watafiti wa Cavendish na wa Chuo Kikuu cha Jilin, China, walilikwepa tatizo hilo kwa molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, hivyo kizuizi cha tatu kwa nne hakiihusu tena. Diodi yao ilitoa mwanga mwekundu wa nanomita 710, kwa ufanisi wa asilimia 27.