Ufundi Usifungiwe Sandukuni

Wako watu wasemao kwamba fundi mwenye akili huficha ufundi wake. Humwambia kijana, "Ukijua jambo, lifungie sandukuni, likijulikana na wote halitakufaa wewe." Nasaha hii husikika kila mahali, hata Kuruwitu katika pwani ya Kilifi, ambako ingefaa isisikike kabisa. Yaonekana kuwa ya busara, lakini ni nasaha mbaya. Nataka kuipinga kwa mfano wa chombo kidogo, nacho ni kibodi ya kompyuta.

Katika kibodi ya swichi kila kitufe kina swichi yake, na chini ya swichi hizo mna ubao wa saketi wenye njia nyembamba za shaba. Kama kila kitufe kingepewa njia yake, vitufe 60 vingetaka njia 60. Mafundi huvipanga katika mistari 5 na safu 12, na kwa hiyo njia 17 hutosha. Mikrokontrola, ambayo ni ubongo mdogo wa ubao huo, huipitia mistari kwa zamu, mara nyingi katika sekunde moja, ikitafuta kitufe kilichobonyezwa. Lakini vitufe vitatu vilivyo katika pembe za mstatili vikibonyezwa pamoja, cha nne nacho huonekana kimebonyezwa, hali hakikuguswa. Uongo huo huzuiwa na dayodi, kipande kipitishacho umeme upande mmoja tu, nacho huwekwa kimoja kwa kila kitufe. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuyafahamu haya, maadamu ameonyeshwa mchoro. Asipoonyeshwa, atakaa na kibodi yake miaka kumi asijue kilichomo.

Je, kibodi za dukani hazitoshi? Hazitutoshi sisi. Mpangilio wa herufi tuutumiao ulitokana na mashine ya kupiga chapa ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington huko Marekani mwaka 1874. Haukufikiriwa kwa ajili ya Kiswahili. Herufi a, ambayo lugha yetu huitumia kuliko zote, imeachiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu. Herufi q na x, ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, zimekalia nafasi zao kama wageni wasiokumbuka kwao. Ni kweli kwamba programu yaweza kubadili herufi ya kitufe, lakini haiwezi kukisogeza kitufe chenyewe. Atakaye a chini ya kidole gumba hana budi kuchora ubao mwingine.

Kuchora huko kwawezekana leo kwa sababu wengine hawakuficha. Programu ya kuchorea saketi iitwayo KiCad, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, hutolewa bure. Mwaka 2011 kituo cha utafiti cha CERN kilitoa leseni kwa ajili ya michoro ya vifaa, ili mtu aweze kuutoa mchoro wake usomwe, unakiliwe na utengenezwe kwa haki. Achukuaye mchoro wa namna hiyo huanzia pale mwenzake alipoishia.

Mpinzani atasema, "Kuruwitu kwenyewe walifanikiwa kwa kufunga, si kwa kufungua." Hoja hiyo yastahili jibu. Wavuvi walipoona samaki wanapungua waliunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga eneo la bahari la hekta 30 hivi lisivuliwe. Samaki wakarudi, na mwaka 2017 kazi yao ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini walifunga nini? Walifunga maji, wala hawakufunga maarifa. Vijiji vingine vya pwani vilifuata mfano huo, na Kuruwitu haikupoteza samaki hata mmoja kwa kuwa jirani amejifunza. Samaki huisha wakivuliwa. Maarifa hayaishi yakigawiwa. Kifungwe kile kiishacho, kifunguliwe kile kisichoisha.

Mpinzani mwingine atasema kwamba mbao na swichi hutoka viwandani China, basi mchoro utatufaa nini? Nakubali kwamba vyatoka huko. Kitambaa nacho chaweza kutoka ng'ambo, lakini kanzu hukatwa na fundi wetu kwa kipimo cha mwili wetu. Na kibodi ikiharibika, mwenye mchoro ataitafuta njia iliyokatika au dayodi iliyokufa, atie risasi ya kulehemu, aendelee na kazi. Asiye na mchoro aghalabu huitupa na kununua nyingine. Fundi aliyetoa mchoro wake hakosi riziki, maana watu humlipa kwa mkono wake, kwa muda wake na kwa uaminifu wake.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kijana wa Kuruwitu achoraye ubao wake na kuufungia sandukuni atakuwa na kibodi moja, na makosa yake hayataonwa na mtu wa kuyasahihisha. Akiutoa, aliye Malindi ataupunguza gharama, aliye Tanga ataurekebisha, na mchoro utamrudia mwenyewe ukiwa bora kuliko alivyoutoa. Vijana, mkijua jambo jema, liandikeni, lichoreni, mlitoe.