Tuwafundishe watoto kumjibu mpinzani, si kulalamika tu

NILIREJEA Burundi mwaka 2009 nikitokea makazi ya Katumba, Tanzania, nikiwa na cheti cha ualimu, mke, watoto wawili na imani kwamba najua kuandika. Imani hiyo haikumaliza hata miezi sita.

Marehemu baba alikimbia mwaka 1972 akaacha shamba la michikichi karibu na Nyanza-Lac. Tuliporudi tulikuta mtu mwingine analilima. Ndugu zangu wakanituma mimi, msomi wa familia, niandike barua ya madai. Niliandika kurasa tatu: damu, safari ya miguu, mama kujifungua porini. Kila neno lilikuwa la kweli. Afisa aliyeipokea alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Mwalimu, upande wa mto shamba lilipakana na nani?"

Sikuwa nimeandika. Mwenzangu aliandika nusu ukurasa: alipewa na nani, mwaka gani, mashahidi wake ni akina nani. Mwishowe tuligawana shamba, na hata hiyo nusu tuliipata kwa sababu mzee mmoja jirani aliukumbuka mpaka. Barua yangu haikusaidia kitu.

Tangu hapo nimejiuliza tulifundishwa nini. Kule Katumba siku ya mdahalo ilikuwa sikukuu. "Mheshimiwa mwenyekiti, napinga hoja!" na darasa zima linapiga meza. Tulijifunza kusema, na sichukii hilo. Lakini kwenye daftari insha ilikuwa utangulizi, kiini na hitimisho, basi. Hakuna aliyetuuliza: umejuaje? Wenzetu waliobaki nyumbani walifundishwa kwa Kifaransa kutoa kauli, kisha kauli pinzani, kisha kuzipatanisha. Ni utaratibu mzuri, ila wengi waliukariri kama sala. Kwa hiyo wale wanaosema tatizo ni lugha, mara Kifaransa, mara Kiswahili, mara Kiingereza, naona wanakwepa. Mtoto asiyeulizwa ushahidi atakosa ushahidi kwa lugha zote.

Sasa mimi hufanya hivi. Nawapa wanafunzi barua mbili nilizotunga mwenyewe, moja ya aliyerejea, nyingine ya mkaazi aliyemkuta. Wapige mstari chini ya dai, wazungushie duara sababu, kisha waonyeshe ushahidi uko wapi. Mara nyingi duara ni nyingi na ushahidi hakuna. Baadaye nageuza: mtoto wa aliyerejea aandike barua ya mkaazi, na mtoto wa mkaazi aandike ya aliyerejea. Tena aandike kwa nguvu zake zote, asimtungie mwenzake hoja ya kijinga ili apate kumcheka.

Mwaka mmoja mzazi alinijia kwa hasira. "Mwalimu, unamfundisha binti yangu kumtetea aliyetunyang'anya?" Nilimwelewa, kwani nami nimelala njaa kwa ajili ya shamba. Nikamwomba asome kwanza. Binti alikuwa ameandika kwamba mkaazi alilima miaka mingi bila kupingwa, na kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa nafasi ya kudai umiliki mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30. Nikamwambia: "Mzee, hayo ndiyo atakayoyasema wakili wa mwenzako. Afadhali uyasikie leo kwa mwanao." Ukurasa wa pili binti alikuwa amejibu. Alisema Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 unatambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali yao au kulipwa fidia, na kwamba mtu aliyekimbia kuokoa roho yake hawezi kuhesabiwa kuwa alinyamaza kwa hiari. Mzee aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Hakusema kitu, ila binti aliendelea kuja shule.

Tume ya kitaifa ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, muda wake uliisha mwaka 2022. Mwenye mgogoro leo anakwenda mahakama za kawaida, na huko karatasi ndiyo inayotangulia kuingia. Bashingantahe wa kilima walikuwa na kipaji cha kusikiliza pande zote mbili na kuuliza palipoachwa wazi. Hakimu mwenye majalada mengi mezani hana siku nzima ya kukaa nawe chini ya mti.

Wala si ardhi tu. Mama mmoja anayefanya biashara mpakani Mugina aliniletea barua nimsahihishie. Alikuwa ametozwa ushuru wa forodha kwa magunia ya mchele kutoka upande wa Kigoma. Aliandika: mimi ni mjane, nina watoto, nihurumieni. Nikamuuliza mchele ulilimwa wapi na ulikuwa wa thamani gani. Akafungua pindo la kitenge akatoa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha mizigo isiyozidi dola 2,000. Alikuwa nacho wakati wote, pamoja na risiti! Katika barua hakukitaja hata mara moja. Tuliandika upya, mistari sita: mchele umelimwa Tanzania, thamani yake hii, cheti hiki, risiti ya ushuru hii hapa, naomba nirejeshewe. Ujane tuliuacha nje, japo alinuna kidogo.

Wanaotunga mitihani yetu ningewaomba swali moja tu kila mwaka: mpe mtahiniwa barua ya mtu asiyekubaliana naye, aeleze ina nguvu wapi na imepungua wapi, kisha aijibu. Walimu watasema kusahihisha ni mzigo. Ni kweli, nina wanafunzi 80 darasani. Mimi husahihisha aya moja ya kila mmoja kwa wiki, ile anayomjibu mpinzani. Nyingine wanasahihishana wenyewe, kwa kelele nyingi.