Taa ya mfuko wa hewa
Gari likigongwa na mifuko ya hewa ikafumuka, kubandika kifuniko kipya cha usukani si matengenezo, ni hadaa. Mfuko uliofumuka umekwisha. Hubadilishwa, pamoja na kompyuta yake na mikanda iliyojikaza. Lilongwe imejaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na mfuko wa kuchomoa kwenye gari bovu waweza kuwa wa kampuni ya Takata, ambayo mifuko yake ilirudishwa kwa mamilioni duniani kwa kurusha vipande vya chuma. Ndugu zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mnaokodi gari kwenda mjini Lilongwe, kilomita zipatazo 45: mkikaa mbele, itazameni dashibodi. Gari likiwashwa, taa ya mfuko huwaka kisha huzimika. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, tafuteni gari jingine.