Tuchukue boti ya futi 14, hata kama haitoshei juu ya Noah

Najua mtacheka. Watu wa Laare, huku juu Nyambene kwa mashamba ya miraa, hatuna ziwa, na tunagombana juu ya boti. Lakini familia imeshachanga pesa, mpango ni kushuka Masinga Desemba, na zimebaki boti mbili za kuchagua. Zote ni za aluminiamu, zote chini ni bapa kama sufuria. Moja ina futi 12 na upana wa futi 4. Nyingine ni futi 14 kwa tano na nusu.

Maanko wanataka ile ndogo. Sababu yao si mbaya: watu wawili wanaibeba, inafungwa juu ya Noah, safari imeanza. Kubwa inataka trela ama pikapu.

Mimi nasema kubwa, na twende na hesabu. Marekani wana kanuni ya boti ndogo: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, halafu gawa kwa 15. Ndogo inatoa watu watatu. Kubwa, watano. Na hapo kila mtu amepewa kilo 68 hivi. Sasa niambieni, kwa familia yetu hao watatu ni kina nani? Anko mmoja (mnamjua) ni kama watu wawili. Na vile natujua, hakuna atakayekubali kuachwa. Watoto watapakatwa, mtu atasema "songa kidogo", na boti ya watatu itaondoka na saba.

Boti bapa hudanganya watu hapo. Ikiwa imetulia unaweza kusimama, hata kuvua samaki, na haiyumbi sana. Ukiijaza kupita kiasi, ukingo unashuka karibu na maji, na wimbi dogo tu linaingia. Upepo ukiamka, boti kama hii haikati mawimbi, inayapiga, pa pa pa, na mnalowa wote. Na Masinga si kidimbwi. Ndilo bwawa kubwa zaidi kwa mto Tana, lilikamilika 1981, upepo una nafasi ya kukimbia, na kuna mamba na viboko. Upana ndio unazuia boti isilale upande mtu akihama ghafla. Watoto huhama ghafla, manze, hiyo hata hatubishani.

Ati ndogo inapita maji ya magoti bwawa likikauka? Hata kubwa inapita, chini zote ni bapa.

Usafiri nao, Laare tunaweza kukosa vingi lakini si pikapu. Hilux za miraa zinapita Embu kila siku zikikimbilia Nairobi. Tukodishe moja, dereva aambiwe tu mapema kwamba mzigo huu haunyauki.

Kuna suala la injini. Kuna anko anataka kubwa ya kupiga kelele. Tununue ndogo, na pesa itakayobaki iende kwa jaketi za kuelea, moja kwa kila kichwa, pamoja na saizi za watoto. Wengi wetu kuogelea tumekuona TikTok tu. Boti ikaguliwe na Kenya Maritime Authority kabla iguse maji. Tukifika tunaingia kwa zamu, watano pamoja na dereva, na shosho yuko zamu ya kwanza.